Mutoto anayeona wafu: watu wakubwa wanamufanya nini?

Mwandishi Stephen King alizaliwa mwaka 1947 mu muji wa Portland, jimbo la Maine, huko Marekani. Tangu kitabu chake cha kwanza, « Carrie », kilipotoka mwaka 1974, hajapumuzika. Ameandika vitabu zaidi ya 60, na vingi kati yavyo vimegeuzwa kuwa filme. Kwetu, watu wengi wanamujua kupitia zile filme tu. Leo tunazungumuza juu ya kitabu chake kimoja kisicho kirefu, kilichotoka mwezi wa tatu wa mwaka 2021. Kwa Kiingereza kinaitwa « Later ». Wenye kusoma Kifaransa watakitafuta kwa jina la « Après », ku Albin Michel.

Ni hadisi ya mutoto anayeona wafu. Na tuseme kweli, mu inchi yetu hadisi ya namna hiyo haisomwi kwa kuchekesha tu. Mutoto wa kwetu akisema wakati wa kula kwamba ameona nkambo aliyezikwa juzi, mambo hayataishia pale. Kutakuwa mukutano wa jamaa. Kutakuwa pasta. Mu nyumba zingine kutakuwa fimbo, kutakuwa kulala njaa, na mwisho mutoto anajikuta ku barabara. Kwa hiyo hiki kitabu cha New York kinatuuliza jambo ambalo tunalijua sana: mutoto akiona kitu ambacho wakubwa hawaoni, wale wakubwa wanamufanya nini?

Jamie na mama yake

Mutoto anaitwa Jamie Conklin. Anaishi New York pamoja na mama yake, Tia. Baba hayuko, na hakuna anayemwambia baba ni nani. Tia anafanya kazi ya kutafutia waandishi nyumba za kuchapisha vitabu vyao, naye anapata sehemu ya feza. Ile biro ilikuwa ya kaka yake Harry, lakini Harry alipata ugonjwa wa kusahau akiwa bado kijana, na dada yake akabaki na muzigo wote. Kisha mwaka 2008 makuta yakaanguka Marekani na dunia nzima. Feza ambazo familia iliweka kwa mutu mumoja muongo zikapotea zote. Wakahama nyumba nzuri, wakaanza kuhesabu kila kitu.

Jamie anaona wafu tangu angali mudogo sana. Si kila wakati, wala si wafu wote. Anawaona wale waliokufa hivi karibuni, wakiwa na nguo zile zile na vidonda vile vile vya saa ya kufa. Siku moja mu Central Park aliona mutu aliyekufa kwa ajali, uso umevunjika, na akalia mpaka mama yake akaogopa. Basi Tia akajua kwamba mutoto wake hasemi uongo, na akamupa amri moja: usimwambie mutu.

King anaweka sheria chache, na anazishika mpaka mwisho. Wafu hawakai sana. Wanabaki siku chache karibu na fasi walipofia au walipopenda, kisha sauti yao inafifia na wanatoweka. Wanajibu wakiulizwa. Na wakiulizwa, hawawezi kudanganya. Hii ya mwisho njo inayobeba hadisi yote. Mutu muzima alikuwa na siri maisha yake yote, akakufa, sasa mutoto wa miaka 6 anaweza kumuuliza swali na kupata jibu la kweli. Musomaji anaweza kukisia mwenyewe ni watu gani watamuhitaji mutoto wa namna ile.

Mwanzo ni wa upole. Jamie anatoka ku masomo, mukononi ana picha ya ndege dindo ambayo amepaka rangi ya majani. Mu etaje anakuta jirani yao, muzee Burkett, mwalimu wa chuo kikuu aliyestaafu, analia. Bibi yake Mona amekufa. Muzee anatafuta pete za marehemu na hazioni. Jamie anamuona Mona amesimama pale pale na nguo ya kulala, anamuuliza, na marehemu anamuonyesha: ziko mu kabati, fasi ya juu, nyuma ya vitabu vya picha. Pete zinapatikana. Hakuna aliyeumia. Ungesema ni zawadi.

Zawadi inageuka kazi

Hapo njo King anaonyesha akili yake. Hakimbilii kutisha watu na sauti za usiku. Anaonyesha ginsi wakubwa, mumoja kisha mwingine, wanaanza kumutumia mutoto.

Wa kwanza ni mama mwenyewe. Mwandishi wake mukubwa, Regis Thomas, ambaye vitabu vyake njo vinalisha nyumba, anakufa ghafula kabla ya kumaliza kitabu cha mwisho. Feza zimekwisha kuliwa, kitabu hakipo. Tia anamuweka Jamie mu motokari, wanaenda mpaka nyumba ya marehemu mu Croton-on-Hudson, na pale mutoto anamuuliza mufu kitabu kingeendelea namna gani. Mufu anaeleza yote, mama anaandika mbio mbio. Kitabu kinatoka, deni zinalipwa. Tia si mama mubaya. Anamupenda mutoto wake kabisa. Lakini alipofungiwa na madeni, alifanya kile ambacho alikuwa amemukataza mutoto.

Wa pili ni Liz Dutton, mwanamuke polisi, rafiki wa karibu wa mama. Yeye alikuwa ndani ya ile motokari, na ameona. Tangu siku ile, akilini mwake Jamie si mutoto tena, ni kifaa. Wakati huo muji wote unaogopa mutu anayeitwa Kenneth Therriault, ambaye miaka mingi ameweka mabombe na kuua watu. Polisi wanapomukaribia anajipiga risasi, lakini anaacha neno kwamba bombe moja ya mwisho iko fasi fulani. Liz anamungoja Jamie ku masomo, bila ruhusa ya mama, anamupeleka kumutafuta yule mufu. Jamie anauliza, Therriault analazimika kujibu, bombe inapatikana mu duka moja kubwa, watu wanaokoka. Kazi ya Liz, ambayo ilikuwa karibu kupotea kwa sababu ya dawa za kulevya, inaokoka nayo kwa muda.

Sasa angalia shida. Therriault haendi. Siku zinapita, majuma yanapita, yule mufu anamufwata mutoto: ku masomo, ku barabara, ku nyumba. Kuna kitu kingine kimeingia ndani yake, kitu ambacho hakikuwa mutu hata siku moja. Na mutoto ako peke yake. Mama hawezi kuambiwa, ju atavunjika moyo. Polisi amekwisha kupata alichotaka, ameenda zake. Watu wazima wametumia mulango ambao mutoto alikuwa nao, lakini hakuna aliyebaki kuufunga.

Hatutaeleza namna inavyoisha. Kuna siri moja ku mwisho, ya nyumbani, ambayo inauma kuliko mizimu yote. Tuseme tu kwamba Jamie anaeleza hadisi yake akiwa na miaka 22, na kila mara anarudia kwamba jambo fulani alilielewa nyuma. Kwa ile sababu kitabu kinaitwa vile. Mutoto anaona mbele, lakini kuelewa kunakuja nyuma.

Wengine waliandika mbele yake

King si wa kwanza. Yeye mwenyewe alishaandika juu ya mutoto wa namna ile mwaka 1977, mu « The Shining »: Danny Torrance, miaka 5, amefungiwa na wazazi wake mu hoteli kubwa wakati wa teluji, baba yake akiwa mulevi anayejaribu kuacha pombe. Pale pia mizimu ni ya kutisha, lakini hatari kubwa ni baba mwenye kushika nyundo. Filme ya Stanley Kubrick ya mwaka 1980 ilifanya watu wengi wajue hadisi hiyo. Mwaka 1999 filme « Sixth Sense » ya M. Night Shyamalan ilimuonyesha mutoto mwingine anayeona wafu, na Jamie mwenyewe anaitaja ile filme, ju ameona kwamba mambo yake hayafanani nayo.

Lakini kuna kitabu cha zamani zaidi ambacho inafaa kukiweka pembeni ya hiki. Mwaka 1898 Henry James aliandika « The Turn of the Screw », kwa Kifaransa « Le Tour d'écrou ». Mwanamuke kijana anaajiriwa kulea watoto wawili yatima, Miles na Flora, mu nyumba kubwa ya porini Uingereza. Anaanza kuona mizimu ya watumishi wawili waliokufa. Anaamini kwamba watoto nao wanawaona, na kwamba wanaficha. Watoto wanakana. Yeye anasukuma: semeni, ungameni. Flora anagonjwa, anaondolewa. Miles anakufa mukononi mwake, saa ile ile anapomulazimisha kutaja jina. Ni zaidi ya miaka 120 wasomaji wanabishana: mizimu ilikuwa ya kweli, ao ilikuwa mu kichwa cha yule mwanamuke? Kitu kimoja hakina ubishi: mutoto amekufa, na aliyekuwa anamufinya ni mutu aliyesema anamuokoa.

Afrika nayo iko na kitabu chake. Ben Okri, mwandishi wa Nigeria, alizaliwa Minna mwaka 1959, na mwaka 1991 alipata tuzo la Booker kule Uingereza kwa « The Famished Road », ambayo Wafaransa wanaita « La Route de la faim ». Mutoto anaitwa Azaro, jina lililokatwa kutoka Lazaro. Yeye ni abiku: kwa Wayoruba, ni mutoto wa roho anayezaliwa, anakufa, anazaliwa tena, na kuvunja moyo wa mama yake kila mara. Azaro amechoka kwenda na kurudi. Anaamua kubaki, ju anataka mama yake afurahi. Marafiki wake wa upande wa pili hawakubali, wanakuja kumuvuta. Wazazi wake ni maskini kabisa, baba anabeba mizigo na ana hasira, siku zingine anamupiga. Lakini mutoto anapopotea na kurudi, wanaingia mu deni ili kumufanyia karamu. Wanajua kwamba mutoto wao si kama wengine, na jibu lao ni kumushika zaidi, si kumusukuma inje. Tulinganishe vizuri: Wayoruba wa kitabu hiki hawakungoja New York ili wajue kwamba kuna watoto wa namna hiyo. Na hawakumufukuza.

Komona, na Rachel

Kwetu Congo, hadisi inayofanana zaidi na ile ya Jamie haiko mu kitabu, iko mu filme. Inaitwa « Rebelle », ya Kim Nguyen wa Canada, na ilipigwa picha hapa hapa inchini. Komona ana miaka 12 wakati waasi wanashambulia kijiji chake. Wanamulazimisha kuua wazazi wake mwenyewe. Mu pori anaanza kuona wafu, weupe kama waliopakwa pemba, na wale wafu wanamuonya adui anapokaribia. Mukubwa wa waasi anaposikia, anafurahi: anamufanya kuwa mulozi wake wa vita. Ni jambo lile lile la Liz Dutton na Jamie. Mutoto ameona maiti za wazazi wake, na mutu muzima anaona ndani ya mateso hayo silaha mupya. Wafu wa Komona hawaombi vita. Wanaomba kuzikwa.

Mwenye kucheza Komona ni Rachel Mwanza. Alikuwa mutoto wa barabara wa Kinshasa wakati walipomuchagua. Mwaka 2012 alipewa Ours d'argent ya mwanamuke mucheza filme bora ku Berlin, na filme ikaingia mu orodha ya mwisho ya Oscar kwa upande wa filme za lugha za kigeni. Kisha, mwaka 2014, alitoa kitabu chake, « Survivre pour voir ce jour ». Mule anaeleza kwamba kabla ya barabara kulikuwa nyumba, na kwamba mu nyumba ile walimuita ndoki.

Hapo hadisi inaacha kuwa hadisi. Mwaka 2006 shirika Human Rights Watch liliandika juu ya watoto wa barabara mu Congo, na likaonyesha kwamba wengi wao walifukuzwa kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 2010 UNICEF ikatoa uchunguzi juu ya watoto wanaoshitakiwa bulozi mu Afrika ya magharibi na ya kati. Majina ya wenye kushitakiwa hayabadiliki sana: yatima anayelelewa na mama wa kambo ao na mjomba, mutoto mwenye kifafa, mwenye kukojoa mu kitanda, mwenye kusema peke yake usiku, mwenye akili nyingi sana, mwenye kiburi. Na wakati wa kushitakiwa nao unajulikana: kazi ya baba imepotea, mutu amekufa mu nyumba, feza ya kulipa masomo hakuna. Wazee wengi wanasema zamani bulozi ulitafutwa kwa watu wazima, si kwa watoto. Ile ya kumushika mutoto wa miaka 8 ilipata nguvu mu miji, mu miaka ya shida na vita, tangu mwisho wa miaka ya 1980 na mu miaka ya 1990.

Sheria iko. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006, mu kifungu cha 41, inakataza kumushitaki mutoto bulozi, na inaweka jambo hilo fasi moja na kumutupa mutoto na kumutesa. Kisha sheria nambari 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka 2009, sheria ya kulinda mutoto, kifungu cha 160, inatoa azabu: mwaka 1 mpaka miaka 3 ya kifungo, na kulipa franka za Congo 200.000 mpaka 1.000.000. Haijalishi kama mushitaki ni baba, ni shangazi ao ni pasta. Wengi hawajui kwamba neno moja tu, likisemwa mbele ya watu juu ya mutoto, linaweza kumupeleka mutu boloko.

Swali ambalo kitabu kinaacha

Mutu atasema: kwa hiyo mutuambie, wafu wanaonekana ao hawaonekani? Kila mumoja ana imani yake, na gazeti halitamubadilishia. Lakini angalia vitabu hivi vyote. Mu kitabu cha King mutoto anaona kweli, na wakubwa wanamuumiza. Mu kile cha Henry James pengine mutoto haoni kitu, na mukubwa anamuumiza vile vile. Kwa hiyo shida haitoki ku macho ya mutoto. Inatoka ku kile ambacho mukubwa anatafuta wakati anamuuliza: feza, cheo, ushindi wa vita, ao mutu wa kubebesha lawama ya umaskini wa nyumba.

Mutoto anayesema ameona marehemu anaweza kuwa na majonzi. Nkambo aliyekuwa anamulisha na kumuogesha ameondoka, na hakuna aliyekaa chini kumuelezea kifo ni kitu gani, ju wakati wa kilio watoto wanatumwa kuchota maji. Anaweza kuwa na homa. Anaweza kuwa ameona watu wanauawa, sawa Komona, kama watoto wengi wa Ituri na wa Kivu. Na kwa wenye kuamini, anaweza kuwa ameona kweli. Mu hali zote hizo, anahitaji jambo moja tu: mutu wa kukaa naye.

Mu kitabu cha « Après », mutu huyo yuko mumoja tu, naye si mama wala si polisi. Ni muzee Burkett, yule jirani aliyepoteza bibi yake. Ni mutu wa masomo, haamini mizimu kwa urahisi. Mutoto anapoenda kwake na hofu yake, hamupigii kelele, hamuiti muongo, hamupeleki kwa mutu, hamuombi chochote. Anamuacha aseme mpaka mwisho. Kisha anatafuta mu akili yake na mu vitabu vyake kitu ambacho kinaweza kumusaidia mutoto asimame mbele ya kile anachokiogopa, na anamupa. Ni kurasa chache tu, lakini bila kurasa hizo Jamie hangefika miaka 22.

Wenye kupenda hadisi za kutisha watakisoma mu siku mbili. Mwenye mutoto mu nyumba, wake ao wa marehemu dada yake, akifika ku zile kurasa za muzee Burkett, asome pole pole.